Kikao cha wazazi kianze na daftari

Shule zikifunguliwa Januari, mzazi wa Kigoma anajua kikao kinakuja na anajua kitakachosemwa. Atafika saa nne asubuhi kama alivyoambiwa, atasubiri mpaka meza kuu ijae: mwenyekiti wa kamati ya shule, mtendaji, pengine na diwani. Atasomewa taarifa ya taaluma kwa asilimia, kisha utoro, kisha nidhamu, halafu lile aliloitiwa hasa: chakula cha mchana, mlinzi, karatasi za mitihani ya majaribio. Atarudi nyumbani anajua anadaiwa shilingi ngapi, na hajui mwanawe anasomaje.

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini hapa mjini, na ninachowaomba walimu wenzangu ni kimoja. Kikao kianze na kazi ya mtoto. Daftari kwanza. Mengine yakikosa nafasi siku hiyo, yakose.

Elimu bila malipo ilipoanza 2016, na zaidi Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni, nilisikia walimu wakiulizana: sasa wazazi tutawaitia nini? Swali lile liliniumiza, kwa sababu lilikuwa la kweli. Tulikuwa tumewazoesha wazazi, na tumejizoesha wenyewe, kwamba hatuna mazungumzo mengine nao zaidi ya fedha. Michango ya hiari ipo na ina umuhimu wake, watoto wanahitaji uji. Lakini itafutiwe siku yake, na ijadiliwe na watu ambao tayari wameona kinachofanyika darasani.

Kabla ya ajenda, tuzungumzie saa. Saa nne asubuhi ni saa mbaya kuliko zote kwa watu wa Kibirizi na Katonga, mitaa yetu ya wavuvi. Baba aliyekesha ziwani ndiyo kwanza amelala. Mama yuko kwenye vichanja anaanika dagaa, na akiondoka jua likiwa limeshika, mvua ya mchana itamkuta na mzigo mbichi. Halafu sisi tunaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa wazazi ni mdogo! Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa unang'aa taa haivuti kitu, kwa hiyo siku za mbalamwezi vyombo vingi vinakaa mwaloni na watu wanashona nyavu. Siku hizo akina baba wapo. Mwalimu mkuu hahitaji bajeti yoyote kupanga kikao tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo. Ujiji nzima inazijua tarehe hizo. Na kiwe saa kumi na moja jioni, watu wametoka swala ya alasiri, dagaa wamekwisha kukusanywa. Huku kwetu magharibi jua linachwa karibu saa moja, mwanga upo wa kutosha kusoma daftari bila umeme. Kwa wenzetu wa Kasulu na Buhigwe kalenda ni nyingine: Januari ni palizi, basi waangalie shamba kama sisi tunavyoangalia ziwa.

Mwaliko nao uandikwe na mtoto. Barua ni sehemu ya somo la Kiswahili, na hapo tayari kuna zoezi lenye maana: tarehe, salamu, sababu ya kuitwa, jina la mwandishi. Bibi anayelea wajukuu akisomewa barua iliyoandikwa na mjukuu wake mwenyewe, atatafuta khanga nzuri aje. Tangazo la msikitini na kanisani liwepo pia, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Kundi la WhatsApp pekee halitoshi. Mama wengi huku wana simu za vitochi.

Sasa siku yenyewe. Mzazi akiingia asielekezwe kwenye kiti cha nyuma kumtazama mgeni rasmi. Aelekezwe kwenye dawati la mwanawe, akae hapo, na mtoto awe kando yake. Mezani kuna daftari limefunguliwa kurasa mbili: moja ya wiki ya kwanza shuleni, nyingine ya wiki hii. Kama ni muhula wa Julai, tofauti inaonekana hata kwa asiyejua kusoma. Ukurasa wa kwanza herufi zinapanda juu ya mstari na kushuka, b imegeuka d, kalamu nyekundu imejaa. Wa pili maneno yamekaa mstarini, yana nafasi kati yake, na chini mtoto ameandika sentensi tatu kuhusu babu yake. Mtoto anazisoma kwa sauti. Mwalimu anasema jambo moja tu: hapa amefika, hapa bado anakwama, nyumbani msaidieni hivi. Na hiyo "hivi" iwe kitu ambacho nyumba yoyote inaweza. Kumwambia mama ambaye hakusoma amsimamie mtoto kwenye kazi za nyumbani ni kumtwisha asichokiweza. Mwambie amwombe mtoto amsomee kila jioni kabla ya kula, dakika kumi, asikilize tu. Akisikia mtoto anarukaruka maneno leo na kesho anayatiririsha, amejua.

Hesabu ndiyo napenda zaidi, maana hapo wazazi wetu wametuzidi. Mpe mama wa dagaa nafasi alitungie darasa swali. Kuna aliyesimama mbele ya watoto, khanga imefungwa kiunoni, akasema: sado moja nauza elfu nane, mteja kachukua tatu, kanipa noti tatu za elfu kumi, namrudishia ngapi? Watoto wakainamia madaftari. Yeye alishajua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mtoto wa kwanza kupata elfu sita alikuwa wake, na yule mama hakuwa tena mtu aliyeitwa shuleni kuambiwa. Mzazi wa namna hiyo ukimwita tena anakuja, na anakuja na jirani.

Kitu kimoja kikomeshwe kabisa: kusoma majina ya walioshika mkia mbele ya watu. Nimeona mzazi akiinama, akijifanya anamfunga mtoto mgongoni, jina la mwanawe linapotajwa. Huyo hatamuona mwalimu tena mpaka mtoto amalize. Nafasi ya mtoto darasani aambiwe mzazi wake, kwa sauti ya chini, pale dawatini.

Maswali ya wazazi yana uzito kuliko taarifa zetu, kwa hiyo yapewe muda. Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 kila mzazi anauliza kama mwanawe ataishia la sita au la saba. Ana haki ya kujibiwa kwa Kiswahili cha kawaida: Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaweka elimu ya msingi miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi, mtoto wako yuko kundi lipi, na hilo lina maana gani kwa mipango ya nyumbani.

Najua pingamizi. Darasa lina watoto mia na zaidi, mwalimu mmoja ataongea na mia kwa jioni moja? Hawezi, na asijaribu. Kikao cha shule nzima ndicho kinachotushinda. Tufanye kwa darasa, tena kwa nusu ya darasa, mbalamwezi hii wa safu za dirishani, ijayo wa mlangoni. Mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 na kufika Kigoma na Tabora, uliziachia shule nyingi vikundi vya Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW, vyenye wazazi wa kuwakilisha madarasa. Vilipolala viamshwe. Hao wazazi ndio wa kupanga madawati, kupokea wenzao mlangoni, na kumtafsiria kwa Kiha bibi ambaye Kiswahili cha shule kinampita. Mwalimu abaki na kazi yake, kuzunguka dawati hadi dawati. Na mzazi asiyeweza kuja kabisa, daftari limfuate mwaloni. Mtoto alipeleke, alisome, alirudishe kesho yake na alama ya kidole gumba cha mama chini ya ukurasa.