Asilimia nane za chuo: nani anakula ruzuku ya nani?

Mhadhiri wa chuo cha umma hapa Nairobi akitangaza kwamba amepata ruzuku ya utafiti, swali la kwanza la wenzake, hata kabla ya hongera, ni chuo kitakula ngapi. Swali lenyewe limeshabeba hukumu. Fedha zinahesabiwa kuwa zake: yeye ndiye aliyekesha akiandika pendekezo, jina lake ndilo lililomvuta mfadhili, na sasa ofisi ambayo haikuandika hata sentensi moja inataka fungu. Ndiyo maana baadhi ya wenye majina makubwa wameona heri ruzuku zao zipitie kwa shirika lisilo la kiserikali, mara nyingine shirika walilolisajili wao wenyewe, na chuo kibaki na mshahara na cheo.

Hasira hiyo ina msingi, na nitafika huko. Ila mjadala huu umelalia upande mmoja kwa muda mrefu mno, na wanaoumizwa nao hawamo mezani. Hao ni wanafunzi wa uzamili na uzamifu, pamoja na wahadhiri wachanga ambao bado wanahangaika kupata ruzuku yao ya kwanza.

Kwanza hesabu, maana ndizo zinazopotoshwa kuliko kitu kingine chochote. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ndizo mfadhili mkubwa zaidi wa umma wa utafiti wa tiba duniani. Taasisi iliyo nje ya Marekani ikipewa ruzuku ya NIH, fungu la gharama za uendeshaji lina kikomo cha asilimia 8 ya gharama za kazi yenyewe, tena bei ya vifaa vikubwa ikiwa imeshaondolewa kwenye hesabu. Harvard, kwa makubaliano yake na serikali ya Marekani, hulipwa asilimia 69. Yale 67.5. Chukua mradi wa dola 50,000 usio na vifaa vikubwa. Ukifanyika chini ya chuo cha Nairobi, chuo kinapata dola 4,000, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama nusu milioni. Ukifanyika Harvard, chuo kinapata dola 34,500, takriban shilingi milioni 4.4. Dodoso ni lile lile na kompyuta za kuchanganulia takwimu ni zile zile, isipokuwa huku kwetu unahitaji pia jenereta.

Wapo wanaoisoma hiyo 69 kana kwamba Harvard inamega dola 69 katika kila 100 za mtafiti. Haifanyi hivyo. Mfadhili hutoa dola 100 za kazi, kisha huongeza 69 juu yake, jumla 169, na sehemu ya chuo inakuwa kama asilimia 41 ya fedha zote. Yetu, 8 juu ya 100, ni asilimia 7.4 ya fedha zote. Neno la kushika hapo ni kuongeza. Zile 8 hazitoki mfukoni mwa mtafiti, na chuo kisipozidai, yeye haongezewi hata senti. Fedha hubaki Marekani. Nimewasikia wasomi wa takwimu, watu wanaoweza kukutolea kasoro kwenye jedwali lolote, wakilizungumza fungu hili kama wizi.

Mwezi Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba vyuo vyote vya Marekani vishushwe hadi asilimia 15. Vyuo na majimbo vilikimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia. Hoja yao ilikuwa kwamba kwa 15 maabara zitafungwa, wafanyakazi watafutwa na majaribio ya dawa yatakatika katikati. Sisi tumeishi na 8 miaka yote hiyo na hakuna aliyeenda mahakamani. Hoja za Wamarekani zikiwa za kweli, basi cha kustaajabisha kuhusu ofisi za ruzuku za vyuo vyetu ni kwamba zipo.

Nane hizo zinatakiwa kulipia nini? Stima ya friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na dizeli ya jenereta stima inapopotea. Mhasibu wa mradi. Wakili wa kusoma mkataba kabla mtu hajasaini kwamba sampuli za damu za Wakenya ni mali ya maabara ya ng'ambo. Kamati ya maadili. Maktaba. Halafu kuna kazi ambayo watafiti wengi hawajui kama ipo hadi siku inaposhindikana. Chuo hakiwezi kuomba ruzuku ya serikali ya Marekani bila kusajiliwa kwenye mfumo wa SAM.gov, na taasisi ya nje mara nyingi hutakiwa kupata kwanza namba nyingine ya utambulisho, NCAGE. Jina na anwani kwenye usajili wa kwanza sharti vilingane na vya usajili wa pili. Kimoja kikiandikwa sanduku la posta na kingine jina la barabara, ombi linarudishwa. Yote hayo huweza kuchukua wiki kadhaa, na usajili wa SAM lazima uhuishwe kila mwaka. Ukipitwa na wakati wiki ambayo wito wa mapendekezo unafungwa, pendekezo lililoandikwa miezi minne halipokelewi. Mtafiti ataapa kwamba Wamarekani wana ubaguzi. Kumbe kuna mtu aliyestaafu na nafasi yake haikujazwa.

Na hapa ndipo suala la makato linapokutana na suala la kutafuta ruzuku. Nairobi ni mji wenye neema ya pekee kwa mtafiti. icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ipo tangu 1970, ilipoanzishwa na Thomas Odhiambo, na imewafunza vijana wengi wa uzamifu katika elimu ya wadudu. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, imekuwa ikifadhili utafiti wa wachumi tangu 1988. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, BIEA, iko Kileleshwa. IFRA, taasisi ya utafiti ya Wafaransa, iko hapa hapa jijini. Na zote mbili zimekuwa zikitoa vijiruzuku vya kazi za nyanjani ambavyo mwanafunzi wa historia au fasihi anaweza kuvipata bila kuwa na profesa mwenye jina. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ofisi yake hapa. AWARD, ya wanasayansi wanawake wa kilimo, ina makao hapa. Nani Afrika ana utajiri huu umbali wa matatu moja au mbili?

Lakini muulize mwanafunzi wa uzamifu alivyojua kuhusu wito wowote wa ruzuku hizo. Atakuonyesha simu: bango lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp, limeshapita mikono mingi hadi herufi zimefifia, na tarehe ya mwisho ni kesho kutwa. Barua ya idara haijaombwa, barua ya uongozi haijulikani iko ofisi gani, na msimamizi wake yuko Kigali kwenye warsha. Mwenye mjomba au profesa ndani ya mtandao husika alijua mapema na ana barua zote. Hili ndilo linalonisumbua. Mtafiti mkubwa anayekwepa fungu la chuo ana njia zake za kupata habari. Asiyekuwa nazo alihitaji ofisi yenye mtu wa kukaa na ratiba ya miito ya mwaka mzima, ajue nani yuko idara gani anaandika nini, ampigie simu miezi mitatu mapema. Ofisi hiyo hailipwi na mtu mwingine. Karo haitoshi hata mishahara.

CARTA iliona jambo hili mapema. Ni muungano wa vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha hapa Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi vikiwemo. Watu wanaujua kwa ufadhili wa uzamifu. Kisichosemwa sana ni kwamba tangu mwanzo uliwafunza pia wasimamizi wa wanafunzi, wakutubi na maafisa wa utawala wa vyuo hivyo, kwa hoja kwamba ukimfadhili mtu na kumrudisha kwenye taasisi iliyolala, naye atalala au ataondoka.

Sasa upande wa pili. Hoja nzito ya watafiti haihusu kiasi kinachochukuliwa. Inahusu kinachofanyika baada ya fedha kuingia. Ruzuku ikiingia kwenye akaunti ya chuo chenye madeni, inakaa jirani na mishahara, pensheni na madai ya wenye zabuni. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma, Septemba hadi Novemba 2025, ulikuwa wa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021. Mwajiri aliyekaa na deni la wafanyakazi wake miaka yote hiyo ana kishawishi kikubwa akiona dola zimetulia kwenye akaunti. Mtafiti anaomba masurufu ya kwenda nyanjani, anapigwa danadana. Leo mwenye kutia saini yuko mkutanoni, kesho fomu imebadilishwa. Wakati huo wasaidizi wa utafiti wako Mukuru wakigonga milango, na wanataka nauli na chakula kila jioni kwa M-Pesa, si hundi ya mwezi ujao. Basi mhadhiri analipa kutoka mfukoni mwake, anakusanya stakabadhi, kisha anasubiri kurudishiwa hadi mradi umekwisha na mfadhili anadai ripoti. Mtu aliyepitia hayo mara moja, ukimwambia habari za asilimia 69 za Harvard atakucheka. Harvard humlipa mtu.

Tena historia ya jirani haiwasaidii watetezi wa taasisi. Akademia ya Sayansi ya Afrika, AAS, yenye makao Nairobi, ilikuwa imekabidhiwa kusimamia ruzuku kubwa za utafiti wa Afrika. Mwaka 2021 wafadhili wake wakuu, wakfu za Wellcome na Gates zikiwemo, walijitoa kwa kutoridhishwa na uongozi ulivyokuwa ukiendeshwa, na programu zikahamia wakfu mpya wa Science for Africa, hapa hapa Nairobi. Fedha hazikumsubiri mtu ajirekebishe.

Kwa hiyo siwalaumu wanaokimbilia mashirika. Nauliza tu wanakimbia nini. Shirika nalo hudai gharama za uendeshaji, na mtafiti yule yule aliyekuwa akilalamika chuoni huzitia kwenye bajeti bila kupepesa macho, kwa sababu sasa anamwona mhasibu anayelipwa nazo. Baadhi ya njia za kando zimezaa matunda makubwa: APHRC yenyewe ilianza 1995 kama programu ya ufadhili wa watafiti ndani ya shirika la Population Council, ikajitegemea 2001, na leo inashindana na vyuo vya dunia. Lakini hiyo ni moja. Mashirika mengi ya profesa mmoja hufa profesa anapostaafu, na uzoefu wote wa kuandika ripoti za wafadhili huenda naye nyumbani.

Serikali ingeweza kuumaliza ubishi huu kirahisi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kwa ukubwa wa uchumi wetu sasa, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 300. Atakayeziona atuite.

Mimi ningeanza na mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wa baraza la chuo. Posho ya mwanafunzi isiguswe hata kidogo. Kumkata anayelipa kodi ya chumba kwa fedha hiyo hakuna utetezi. Mfadhili asiyetoa gharama za uendeshaji aambiwe atoe, badala ya chuo kujilipa kutoka kwenye fedha za kazi. Akaunti za ruzuku zitenganishwe na za mishahara kiasi kwamba hata mkuu wa fedha akitaka kuzichanganya hawezi. Na fungu la chuo litangazwe kila mwaka kwa shilingi, lilipoingia na lilipokwenda: kiasi gani idara, kiasi gani ofisi ya ruzuku, kiasi gani mbegu kwa watafiti wachanga. Watafiti wakiona majina na tarakimu, nusu ya ubishi itakwisha. Nusu iliyobaki ni haki yao.

Jambo hili haliwezi kusubiri, kwa sababu mlango ambao wengi walikuwa wakiupitia umebadilishwa. Kwa miaka mingi watafiti wa Nairobi waliingia kwenye fedha za NIH chini ya mwavuli wa chuo cha Marekani: chuo kile ndicho kilichoomba, kikasajiliwa, kikakaguliwa, nasi tukapewa ruzuku ndogo kutoka kwake. Mei 2025 NIH ilisema haitatoa tena ruzuku zenye mgao wa namna hiyo kwa taasisi za nje hadi uwepo utaratibu mpya, ambamo taasisi ya nje inapewa ruzuku yake yenyewe, iliyounganishwa na ile kuu. Maana yake ni kwamba chuo cha Nairobi kitaomba kwa jina lake, kwa usajili wake wa SAM, na kwa vitabu vyake vya hesabu. Mtafiti anayeandaa pendekezo la mwaka ujao aende leo kwenye ofisi ile asiyoipenda, aulize usajili wa chuo unaisha lini na ni nani mwenye kazi ya kuuhuisha.