Matairi ya Akron, matairi ya Arusha

Akron, Ohio, ninakoishi, ulikuwa ukiitwa mji mkuu wa mpira duniani. Firestone ilianzia hapa mwaka 1900, General Tire mwaka 1915, na Goodyear bado ina makao yake hapa. Viwanda vya matairi karibu vyote vilifungwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee ninaofanya nao kazi bado wanavizungumzia kama wanavyozungumzia marehemu. Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wake tarehe 2 Aprili 2025, asilimia 10 kwa karibu kila nchi, Tanzania ikiwemo, na zaidi kwa nyingine nyingi, wazee hao walifurahi waziwazi.

Mimi mtoto wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, siwezi kuwabeza. Kiwanda chetu cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilianzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali na kampuni hii hii ya Akron. Mfanyakazi wa General Tyre alikopeshwa dukani bila maswali, na akipeleka posa, wazee hawakuchelewesha kikao. Baadaye mitambo ikachakaa, mtaji ukakosekana, na mwishoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ukasimama. Ahadi za kukifufua tumezisikia mara nyingi. Uchungu wa Akron naujua kwa sababu nimekua nao.

Ninachokataa ni dawa wanayoishangilia. Tazama kahawa. Brazil ndiyo huipa Marekani karibu theluthi ya kahawa yake, na Agosti 2025 bidhaa zake nyingi, kahawa ikiwemo, zikapandishiwa ushuru hadi asilimia 50. Marekani yenyewe hulima kahawa kidogo mno, hasa Hawaii na Puerto Rico, kwa hiyo hapa Ohio hakukuwa na mkulima wa kulindwa. Bei ya kahawa madukani ilipanda karibu asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja, ukame wa Brazil nao ukichangia, na Novemba serikali ikaiondoa kahawa kwenye ushuru huo. Baba yangu mdogo wa Marangu alinipigia simu Agosti ile akiwa na matumaini makubwa: "Mwanangu, si sasa watakuja kununua ya kwetu?" Nikamwambia, baba, usipande mbuni hata mmoja kwa habari hiyo. Mbuni unataka miaka mitatu hivi ndipo uanze kuzaa. Ushuru ule haukumaliza hata miezi minne.

Kinachonishangaza zaidi huku ni jinsi ushuru usivyoonekana. Risiti inakuonyesha kodi ya mauzo ya jimbo, lakini ushuru wa forodha umezama ndani ya bei, na mtu anaulipa huku akiamini kwamba Mchina au Mbrazil ndiye anayetoa. Nyumbani haufichiki. Mama anayefungua belo la mitumba pale Memorial, Moshi, ukimuuliza kwa nini sweta limepanda anakuanzia bandarini, anashuka nawe mpaka kwenye nauli ya gari. Kwa jambo hili watu wetu ni werevu kuliko wasomi wengi ninaokutana nao.

Lakini ndugu zangu, na sisi tuna kuta zetu. Mkataba wa Kampala wa mwaka 1964 uligawa viwanda Afrika Mashariki: Tanganyika ipewe matairi, Uganda baiskeli, Kenya balbu za umeme. Soko lilikuwa dogo, na mpango ulikuwa kila nchi iuzie wenzake wote. Kenya haikuuridhia. Firestone, nayo ya Akron, ikajenga Nairobi, sisi tukajenga Arusha, na kampuni mbili za mji mmoja wa Ohio zikawa zinagombea wateja wetu wachache huku nchi mbili jirani zikitazamana kwa jicho baya. Nikisoma historia hiyo hapa Akron naumia kuliko ninavyoumizwa na tangazo lolote la Washington.

Yaliyofuata wazee wa Rombo wanayakumbuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa Tarakea, alivuka usiku kwenda Loitokitok, upande wa Kenya, kutafuta sabuni ya mche. Akiirudisha aliikata kwa uzi vipande vyembamba, kila nyumba ya ukoo kipande chake. Waliokamatwa njiani waliitwa walanguzi, wakati walikuwa wanakwenda kwa shemeji zao.

Na hatujaacha. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa Namanga. Aprili 2025, mwezi ule ule wa tangazo la Trump, sisi tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa sababu Malawi ilikuwa imezuia mchele, tangawizi na ndizi zetu, na Afrika Kusini ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Wakulima wetu walikuwa na haki ya kutetewa. Mawaziri walikaa mezani na zuio likaondolewa, ila kikao hicho kilipaswa kutangulia.

Wengine wananiambia Marekani inashuka, tuhamie kwa Mchina. Ni kweli China imefungua soko lake: tangu Desemba 2024 bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zinaingia bila ushuru, na parachichi zetu ziliruhusiwa kwa makubaliano ya 2022. Tuuze, tena kwa bidii. Lakini hata AGOA, nafuu ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, tulipewa hivyo hivyo, na Septemba 2025 iliachwa ikafika mwisho wa muda wake bila sisi kuwa na kura. Rwanda ilipokataa mitumba, mwaka 2018 nguo zake zilinyimwa nafuu hiyo. Meza ya biashara ambayo kiti chake ni chetu iko Arusha, makao makuu ya Jumuiya iliyofufuliwa.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, na naliomba kwa maofisa wetu wa mpakani. Jumuiya ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa zilizozalishwa kwetu na zilizo kwenye orodha, wa thamani isiyozidi dola 2,000, unapita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani. Uandikeni kwa herufi kubwa Holili, Namanga na Tarakea. Usomeni kwa sauti sokoni Kiboriloni siku ya gulio, mbele ya akina mama wanaopitisha vitunguu njia za panya.