Ng'ombe Aliyezima Mkutano wa Tukuyu

Mwezi wa tatu Mbeya hatuulizani kama mvua itanyesha. Tunaulizana kama umeshaanua nguo. Jumamosi hiyo wingu lilishuka kutoka Loleza saa nne asubuhi, jeusi kama sufuria la kande, na ngurumo ya kwanza ilipopiga vioo vya ofisi vikatetemeka. Nami nikatetemeka navyo. Mwaka uliotangulia radi ilituunguzia kompyuta mbili, na meneja akanitazama wiki nzima kana kwamba radi ile nimeizaa mimi.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Makao yake yako mjini, halafu kuna tawi Mbalizi na jingine Tukuyu. Kompyuta zote ni kumi na moja: sita mjini, tatu Mbalizi, mbili Tukuyu. Mimi pia ni mwanachama, na bati za nyumba yangu ya Uyole nilizipata kwa mkopo wa humohumo, mkopo ambao mimi nao tunaendelea kuelewana taratibu.

Zamani, kompyuta ya Tukuyu ikisumbua, dawa ilikuwa miguu. Unapanda Noah pale Nane Nane, unabanwa katikati ya mama mwenye mkungu wa ndizi na kaka mwenye kuku, mnapita Isongole kwenye ubaridi wa Mlima Rungwe, mnasimama Kiwira wakati konda anatafuta kichwa kimoja tu, na kile kichwa kimoja kinakuwa vinne. Ukifika, kama kilomita sabini, unakuta waya umechomoka ukutani. Unauchomeka. Dada wa dirishani anasema, "Kumbe!" Unarudi Mbeya.

Ndipo nikajifunza Ansible. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2012, na uzuri wake ni kwamba ile kompyuta unayoiamuru huiwekei kitu kipya. Ikiwa na SSH, yaani mlango wa kuiamuru kutoka mbali, na Python, lugha ya programu, inatosha. Wewe unakaa kwenye yako, unaandika orodha ya mashine, unaandika faili la maagizo, unabonyeza, na amri inakwenda kote. Jina lenyewe limetoka kwenye hadithi za kubuni za kisayansi, ambako ansible ni chombo cha kuongea papo kwa papo na sayari za mbali. Tukuyu si sayari, ingawa kwa mvua yake ukiniambia ina anga lake yenyewe sitabisha.

Meneja hakujali habari za sayari. Alijali LUKU, umeme wa kulipia kabla. Matawi yalikuwa yanaacha kompyuta zinawaka hadi asubuhi, kwa hiyo nikaandika faili nikaliita zima.yml, nikawa kila saa kumi na mbili jioni nazima mashine zote nikiwa mjini. Siku ya kwanza dada wa Tukuyu, ambaye alikuwa amebaki kufunga hesabu, alinipigia sauti ikiwa ndogo.

"Kaka, kompyuta imejizima yenyewe. Sijaigusa."

"Nimeizima mimi, dada."

"Uko wapi?"

"Mbeya."

Akanyamaza kidogo. "Basi kaka, usiwe unanichungulia."

Tangu siku hiyo akawa anaifunika kwa kitenge.

Kwa ajili ya malalamiko kama hayo, zima.yml haikuzima papo hapo tena. Niliibadilisha ikawa inaiambia kila mashine: zima baada ya dakika moja. Ndani ya dakika hiyo mtu anaweza kuhifadhi kazi yake, na mimi nikighairi ninalo faili jingine, tengua.yml, la kufuta amri. Nilijiona mtu mwenye huruma sana.

Sasa ng'ombe. Kuna kiprogramu kidogo kinaitwa cowsay, kinachora ng'ombe kwa alama za kibodi, amesimama, na maneno yako yanatokea juu ya kichwa chake kama ndiye anayeyasema. Ansible ikikikuta kwenye kompyuta yako, kila hatua ya kazi inatangazwa na ng'ombe huyo. Si utani wangu, waliitengeneza hivyo. Watu wengi wanamzima. Mimi kwetu tuna ng'ombe, nikamwacha. Mama mhasibu, aliyesimama nyuma yangu siku moja, alipomwona aliuliza, "Na huyu naye analipwa na chama?"

Turudi kwenye radi. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mkutano mkuu, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Tukuyu. Meneja, mwenyekiti, mama mhasibu, wote walikuwa huko tangu alfajiri. Walisogeza meza za tawi, wakaleta viti vya kukodi, wakaunganisha projekta kwenye kompyuta ya dada wa dirishani. Mbalizi walikuwa wamefunga. Mjini nilibaki mimi na mlinzi.

Ngurumo ya pili ilipopiga nikaamua kuzima mashine zote sita za mjini. Amri yake naijua kama salamu: ansible-playbook, jina la faili, halafu mwishoni --limit mjini, ili iguse za mjini pekee. Ule mwisho ndio ulioniponza. Mwanga ulipiga dirishani, mkono ukabonyeza kabla ya kichwa, nikaweka neno la siri, nikainuka kuchomoa waya za mashine ya kuchapia.

Nilipogeuka ng'ombe alikuwa amesimama kwenye kioo anasema ZIMA KOMPYUTA, na chini yake majina yanashuka. Ansible, usipoiambia vingine, inakwenda na mashine tano kwa mpigo. Tano za kwanza, mjini, rangi ya njano, maana yake amri imepokelewa. Safi. Ya sita, njano. Safi. Kisha nikaona juu kidogo Mbalizi kwa rangi nyekundu, hazipatikani. Nikajiuliza, Mbalizi nimeziita saa ngapi? Na chini kabisa: tukuyu1, njano. tukuyu2, njano.

Nilihisi baridi, na si ile ya Mbeya.

Dakika moja. Tuseme zilibaki sekunde arobaini. Nikaandika tengua.yml, vidole vimekufa ganzi. Nikaandika "tengau". Hakuna faili kama hilo. Nikaandika tena, sawa. Ikaomba neno la siri. Nikaweka. Imekataa. Nikaweka tena polepole, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilipofika herufi ya mwisho kioo kikawa cheusi. Maana kompyuta yangu nayo ni ya mjini. Nilikuwa nimejiandika mwenyewe kwenye orodha, namba nne, kwa unyoofu wangu.

Simu ikalia. Meneja.

"Umefanya nini huko?"

"Meneja, shikamoo."

"Kompyuta imezimika! Tena imezimika pale pale nilipofungua ukurasa wa wadaiwa sugu! Watu wamesimama!"

Nyuma yake nilisikia ukumbi unavuma. Sauti moja ya mzee ilipanda juu ya zote: "Wanaficha! Wanaficha majina!"

"Iwashe," akasema meneja.

"Siwezi, meneja."

"Si umeizima wewe?"

"Nimeizima. Lakini kuiwasha siwezi. Ikishazimika haisikii tena. Mtu abonyeze kitufe kwa mkono."

Akavuta pumzi. "Yaani unaweza kuzima ukiwa Mbeya, ila kuwasha ni lazima mtu awe Tukuyu."

Huko mbele mafundi wenzangu watakuja na maneno ya kuamsha mashine kwa mtandao. Sawa, yapo, kwa mashine zilizoandaliwa. Zangu hazikuandaliwa, na siku hiyo hata mimi sikuwa nimeandaliwa.

Dada wa dirishani akabonyeza kitufe. Mimi huku nikawasha yangu, simu imebanwa begani, meneja anaendelea kunihesabia makosa tangu mwaka nilioajiriwa. Nikawaza, huenda kuna mashine bado ina amri tumboni, ngoja niendeshe ile ya kutengua kwa usalama. Nikabonyeza mshale wa juu, ule unaoleta amri ya mwisho uliyoandika. Nikaingiza neno la siri. Safari hii likakubali mara moja, bila shida yoyote, na hapo ningepaswa kushtuka.

Ng'ombe akatokea. ZIMA KOMPYUTA.

Mshale ulikuwa umeniletea ile nyingine.

Nikainua mikono nitengue, na hapohapo radi ikapiga karibu, umeme wa mtaa mzima ukakatika, kompyuta yangu ikafa. Tukuyu umeme ulikuwepo. Amri nayo ilikuwa imeshafika. Amri ni kama mtu uliyempandisha Noah: ukifunga mlango, hata nyumba yako ikiungua yeye anafika.

"Meneja," nikasema, "itazima tena."

"Lini?"

"Sasa hivi. Bado kama nusu dakika."

Nisichokijua ni kwamba meneja alikuwa amesimama na simu mkono mmoja, sauti imefunguliwa, na kipaza sauti mkono wa pili, hakijazimwa. Watu kama sitini, wakulima wa chai, walimu wastaafu na akina mama wa ndizi, walinisikia Tukuyu nzima nikitangaza kwamba itazima. Wakageukia ukuta. Projekta ilikuwa imerudi, kichwa cha habari kinasomeka, WADAIWA SUGU, namba moja inaanza kutokea. Ikazimika.

Kelele zilizofuata sitaziandika.

Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima na anazijua fitina, akasema mashine ziwekwe pembeni. Mama mhasibu anayo orodha kwenye karatasi. Akasimama, akavaa miwani, akasoma kwenye kipaza sauti, jina, kiasi, miezi ya kuchelewa. Simu ilikuwa bado wazi. Nilisimama gizani ofisini, mvua inapiga bati, nasikiliza. Namba tano. Namba sita.

Namba saba akasoma majina yangu yote matatu, pamoja na lile la babu ambalo hata shuleni sikulitumia. Bati. Miezi minne.

Ukumbi ulinyamaza. Halafu akacheka mama mmoja, akafuata mwingine, halafu wakacheka wote, na yule mzee wa kwanza akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Si nilisema?"

Jumatatu nikaitwa kwenye kamati. Nilieleza vizuri. Nilieleza radi, dakika moja, --limit, mshale wa juu. Nikakosea kumtaja ng'ombe. Mjumbe mmoja alikuwa anaandika kila neno, akainua kalamu.

"Kwa hiyo amri ilitoka kwa ng'ombe."

"Hapana, mzee, ng'ombe anatangaza tu."

"Anatangaza," akarudia, akaandika.

Nilikatwa mshahara hadi deni la bati liishe, na nikaamriwa niende Tukuyu mwenyewe kuwaomba radhi wanachama siku ya malipo. Nikapanda Noah, nauli yangu. Nikasimama dirishani karibu na kompyuta yenye kitenge, nikaeleza tena, bila ng'ombe. Walinisikiliza kwa adabu, hata wakanipa ndizi.

Nilipotoka nje mzee mmoja mwenye koti la mvua akanifuata hadi kwenye kona ya jengo. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba. Ugonile, mwanangu." Akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Hiyo mashine yako ya kuzimia vitu kutoka Mbeya," akasema, "mimi ni namba tisa."