Kabla Hujaacha Ngano, Pima Kwanza

Kwa miaka mitatu sasa naianza siku kwa kidonge kidogo na glasi ya maji. Nakimeza tumbo likiwa tupu, nasubiri nusu saa au saa nzima, ndipo nile. Nina Hashimoto. Kinga ya mwili, iliyopaswa kunilinda, imeigeukia tezi ya thairoidi hapa mbele ya koo na inaila polepole. Jina ni la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1912.

Tangu watu wajue naumwa nini, ushauri ninaopewa zaidi ni huu: acha gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na nafaka za jamii yake. Wanaonishauri wananitakia mema, na mimi niliwasikiliza. Miezi minane sikugusa ngano, shayiri wala rai. Nilijifunza kusoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti, nikagundua kwamba hata sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa kwa ngano.

Kosa langu ni kwamba niliacha kabla ya kupima, na hapo ndipo nataka unisikilize vizuri. Kuna ugonjwa uitwao siliaki, ambamo gluteni huufanya mwili ushambulie utumbo mwembamba. Huwapata takriban mtu mmoja kati ya 100, lakini sisi wenye Hashimoto tumo hatarini zaidi. Mwenye siliaki asiyejijua anaweza kumeza dawa ya thairoidi kila siku bila kukosa na isimfae ipasavyo, kwa sababu utumbo ulioharibika hauinyonyi vizuri. Daktari anapandisha dozi, TSH (homoni ambayo hupanda tezi ikizidiwa) haishuki, mgonjwa anaonekana mzembe. Mtu huyo kuacha gluteni ndiyo tiba yake, na ni ya maisha.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye siliaki huzitoa gluteni inapoingia. Ukiiacha zinapungua, na majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Ndiyo maana ilinibidi nirudie mkate kila siku kwa wiki sita, ndipo nikatolewa damu. Sina siliaki.

Kwa sisi tusio nayo, ushahidi kwamba kuacha gluteni kunatuliza Hashimoto bado ni mwembamba: tafiti chache, za watu wachache, na majibu yake hayakubaliani. Kweli, ile miezi minane nilijisikia mwepesi. Lakini kipindi hichohicho dozi yangu ilikuwa imeongezwa, na nilikuwa nimeacha biskuti na keki, naanza kulala mapema. Dozi mpya huchukua kama wiki sita kutulia mwilini. Nani aniambie ni kipi kilichonisaidia? Kwa hiyo simlaumu anayeacha ngano akaona nafuu, mradi amepima kwanza na dawa hajaiacha.

Hilo la dawa ndilo linaloniuma. Siku moja, kwenye foleni ya kliniki, nilikaa na mama mmoja aliyevaa sweta kwenye joto, uso umevimba, sauti imekwaruza. Aliniambia ana mwezi wa nne bila ngano.

"Na vidonge, mama?"

"Vya nini tena, mwanangu? Si nimeshaacha chakula kinachonidhuru?"

Nilimweleza nilichojua: tezi iliyokwisha kuliwa haiwezi kurudi kutoa homoni ya kutosha kwa sababu mtu ameacha mkate, na kile kidonge ni homoni yenyewe, ile ile ambayo mwili umeshindwa kuitengeneza. Alinitazama kwa muda, kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la dawa. Lilikuwa limejaa, hata pamba ya juu haijatolewa.

"Daktari atanigombeza," alisema.

Nikamwambia amwonyeshe hivyohivyo lilivyo, na amuulize kuhusu kipimo cha siliaki, bila kumficha kwamba ana mwezi wa nne hajala ngano. Jina lake lilipoitwa, aliingia nalo mkononi.