Mpelelezi Asiyefungua Jalada

Nimemchoka Inspekta anayepigwa risasi ya bega saa tatu usiku, halafu kesho yake saa nne asubuhi yuko Zanzibar anafukuzana na boti. Wanaosoma simulizi za vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Facebook wanamjua. Anavaa jaketi la ngozi katika joto la Dar es Salaam, hana bosi, hana mke anayemuuliza hela ya mboga, na tangu sehemu ya kwanza mpaka zile za kulipia hajawahi kuandika maelezo ya shahidi hata mmoja. Jambazi akifa, hadithi imeisha. Nani alichora ramani ya eneo la tukio, bastola ilikabidhiwa kwa nani, marehemu alitambuliwa na ndugu yupi: hayo hayamhusu mtu.

Sisemi waandishi hawa hawana kipaji. Wengine wanajua kukata sehemu pale pale ambapo utatoa hela yako huku unalalamika. Ila wanaandika uhalifu wa filamu walizotazama, wakati uhalifu wa kweli wa nchi hii umeandikwa na kupigwa chapa, na hukumu zake zimewekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ukizisoma utakuta humo mivutano ambayo mtunzi akiibuni kichwani ataambiwa amezidisha chumvi.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, alikuwa raia mwenye akili kali anayefumbua mafumbo kwa kukaa na kufikiri. Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuwa jasusi, uwanja wake ni mataifa na njama za makaburu. Nawapenda wote wawili, na Musiba hasa alinifundisha kusoma kitabu usiku kucha. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kuogopa kuitwa kizimbani kuhojiwa na wakili wa utetezi. Riwaya yetu ya upelelezi kwa sehemu kubwa imekua nje ya kituo cha polisi. Yule askari wa kawaida wa upelelezi, mwenye lundo la majalada mezani na gari la kituo lisilo na mafuta, hatujampa kitabu chake.

Wenzetu wa Marekani waligundua utajiri huo kwa kwenda kukaa na askari wenyewe. Mwaka 1988 mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, David Simon, aliomba likizo kazini akashinda mwaka mzima na kikosi cha mauaji cha polisi wa jiji lake. Mwaka ule waliuawa watu 234 Baltimore. Pale ofisini kulikuwa na ubao wenye majina ya marehemu yakiwa chini ya askari wanaohusika: jina jekundu, kesi iko wazi, jina jeusi, imefungwa. Kila anayeingia anaona nani kafanya kazi na nani anadaiwa. Kesi iliyomtesa sana askari mmoja humo, ya mtoto wa kike wa miaka 11, haikupata jibu. Kitabu alichoandika Simon kuhusu mwaka huo kilitoka 1991 na swali lile likiwa bado linaning'inia, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mtunzi anayebuni kila kitu asingethubutu kumaliza hivyo. Wasomaji wangemla mzima.

Baadaye Simon aliungana na Ed Burns, mpelelezi mstaafu wa jiji hilo hilo aliyekuja kuwa mwalimu, wakatengeneza tamthilia ya The Wire iliyoonyeshwa kuanzia 2002 hadi 2008. Mle ndani askari wanatega simu za vibanda vya mtaani, lakini hawaruhusiwi kusikiliza ovyo: ni lazima mwenzao aliyejibanza juu ya paa aone kwanza kuwa aliyeshika mkonga ni mmoja wa wanaochunguzwa. Mtu anasota darini na darubini, mwingine chini anasubiri ruhusa ya kuvaa spika za masikioni, na simu inaita. Hakuna bastola iliyochomolewa, na moyo unakwenda mbio. Masharti ya sheria ndiyo yaliyoleta mashaka yale, na huwezi kuyajua bila kumuuliza aliyefanya kazi hiyo.

Sasa njoo kwetu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa askari saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Zikitaka kuzidi, aombe nyongeza kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Rufaa nyingi sana zimegusa jambo hili: maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa anayatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yaliandikwa saa ngapi? Mtu akikamatwa saa mbili asubuhi na maelezo yakaandikwa saa kumi jioni bila sababu, ungamo lote linaweza kufutwa kwenye kumbukumbu hata kama ndani yake kaeleza panga kalitupa wapi. Hebu mfikirie Sajenti wako wa kwenye riwaya. Mtuhumiwa kakubali kusema, mwandishi wa maelezo kaenda mazishini Kibaha, karatasi zimeisha, na saa ya ukutani inasema saa sita kasorobo. Afanye nini? Aandike saa ya uongo? Hapo tayari una mtu mwema anayekaribia kufanya jambo baya, na hujamwaga hata tone la damu.

Au chukua suala la mwanga. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msimamo kuhusu shahidi anayesema alimtambua mhalifu kwa macho: alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na je, alimjua kabla. Tangu hapo kesi za mauaji na ujambazi wa usiku zimekuwa zikifia kwenye taa. Shahidi anaulizwa chemli ilikuwa wapi, mezani au sakafuni. Kama ni tochi, nani aliishika, na ilimmulika nani usoni. Akijibu tu kwamba kulikuwa na mwanga wa kutosha, hiyo haitoshi, aeleze ukali wake. Tena mahakama zinataka kujua alimtaja lini. Anayemtaja mtuhumiwa usiku ule ule mbele ya majirani waliokuja kwa yowe anaaminika kuliko anayemtaja siku tatu baadaye.

Tuseme basi mjane kamwona shemeji yake ndani ya nyumba, na mwanga ni wa taa ya sola iliyokuwa inakaribia kuzima. Majirani wanafika, anasema hakumtambua mtu. Siku ya tatu, matanga yakianuliwa, anamwambia mpelelezi jina. Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu shemeji mwenyewe alikuwa pale msibani akigawa chakula na kushika daftari la rambirambi. Mpelelezi anamwamini kabisa. Anajua pia, kwa kuwa amekwishaona kesi za namna hiyo zikianguka, kwamba mahakamani zile siku tatu zitammaliza yule mama. Hiyo ndiyo riwaya ninayoitaka. Kitendawili cha nani kaua kimeshateguliwa kwenye ukurasa wa hamsini, na kurasa zilizobaki zinatafuta njia ya kuthibitisha bila kuacha shaka.

Kuna na bahasha ya ushahidi. Kielelezo kikishachukuliwa eneo la tukio, panatakiwa pawe na mfuatano wa makabidhiano unaosomeka: aliyekamata, aliyepokea, mtunza vielelezo wa kituo, aliyekipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, aliyekirudisha. Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba vitu visivyobadilika mkono kirahisi, kama meno ya tembo, havibanwi kwa ukali ule ule; unga wa dawa za kulevya ndio wa kuogopewa, kwa sababu unga ukichanganywa haulii. Mwandishi mwenye jicho ataona kwamba katika mnyororo ule kila pete ni mtu mwenye mshahara wake na ada za shule za watoto wake. Genge la dawa za kulevya halina haja ya kumteka Jaji. Linahitaji koplo mmoja asahau kusaini daftari.

Na kesi ndani ya kesi! Mshtakiwa anapokana ungamo na kudai alipigwa, shauri kuu linasimama, inafunguliwa kesi ndogo ya kuamua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Ghafla mpelelezi ndiye anayejitetea. Anaulizwa alikuwa na nani chumbani, mtuhumiwa alipewa maji au hakupewa, kwa nini PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ina jeraha la kisigino. Tunaotazama filamu za nje tumezoea mahojiano yaishe mtu akikiri. Hapa kwetu kukiri ndiko kunakoanzisha vita, na vita vyenyewe vinaweza kupiganwa miaka mitatu baadaye, askari wa pili akiwa amehamishiwa Katavi na kumbukumbu zimefifia.

Ugumu upo, sikatai. Kumbukumbu nyingi za mahakama zetu ziko kwa Kiingereza. Mama wa Kahama alisema kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, hakimu akaandika kwa mkono kwa Kiingereza cha kisheria, na kilichobaki ni sentensi kavu kwamba shahidi wa pili alisikia kelele akatoka nje. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini majalada ya miaka sitini hayajibadilishi yenyewe. Huyu mama hakusema hivyo. Alisema alisikia nini hasa? Mbwa? Bati? Mwanawe akiita jina lake? Kazi ya kumrudishia sauti yake hakuna mtu mwenye nafasi ya kuifanya zaidi ya mtunzi wa Kiswahili. Kwa hilo ushauri wangu ni huu: kaa na hukumu, kisha nenda kaketi kwenye benchi la nyuma mahakamani, kesi nyingi husikilizwa wazi, usikilize watu wanavyojieleza wakiwa wamebanwa. Sikiliza na ukimya wa ndugu wa mshtakiwa pale hakimu mkazi anaposema mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, na upande wa mashtaka unaposema upelelezi haujakamilika, shauri linaahirishwa. Kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi hata mwezi. Ndugu hao wanatumia nauli.

Wapo wanaosema msomaji wetu hatavumilia haya, anataka vurugu. Mbona magazeti yanapochapisha simulizi ya hukumu ya mauaji, hatua kwa hatua, tangu mtu alipoaga nyumbani mpaka simu yake iliposomwa na mnara wa mwisho, makala hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu za watu siku nzima? Watu wanavumilia sana. Wanajua kituo cha polisi kilivyo. Wameshaambiwa walete hela ya mafuta ya gari, wameshaandikiwa RB, ile namba ya taarifa ya kituo, wameshakaa kwenye lile benchi. Ndiyo maana Inspekta wa jaketi la ngozi anawachekesha.

Kikwazo ambacho waandishi wananinong'oneza ni kingine: kuogopa kumwandika polisi mwovu. Naielewa hofu hiyo, ila kumbukumbu za mahakama zimeshatangulia. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa kwenye msitu wa Pande, nje kidogo ya Dar es Salaam. Polisi walisema ni majambazi waliokufa kwenye majibizano ya risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Musa Kipenka ikaundwa, ikaonekana hapakuwa na majambazi wala majibizano, na maafisa wa polisi wakafikishwa mahakamani, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia. Mtu aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwa kizimbani, alikuwa ametoroka. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja na wengine wakabaki huru.

Simwambii mtu achukue kesi ile aibadilishe majina. Marehemu wale wana watoto, na kilio cha watu halisi si mali ya mtunzi. Utafiti kwangu ni kuokota namna mambo yanavyokwenda, kisha kubuni watu wapya kabisa wa kuyapitia. Na kilichonikaa kichwani katika kesi ya Pande ni jambo dogo tu, tena halihitaji jina la mtu yeyote: mahali fulani, siku ile, kuna askari aliyeketi na kalamu kuandika taarifa kwamba kulikuwa na majibizano ya risasi. Taarifa kama hiyo ina tarehe, ina saa, ina idadi ya maganda yaliyookotwa. Huyo mwandishi wa taarifa wa kubuni, konstebo wa miaka miwili kazini mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote kituoni, ndiye ninayetaka kumsoma. Mpe jina, mpe chumba cha kupanga Kimara, mpe mkubwa anayemwamuru aandike. Halafu, miezi michache baadaye, mpe hati ya kumwita mbele ya tume.