Sikulewa, na Ile Haikuwa Nipa

Kwanza ifahamike kwamba sikulewa. Pili, ile juisi yetu ya mabibo haikuwa nipa. Nalazimika kuyasema haya kwa sababu Mhasibu wetu, ambaye wakati mambo yanatokea alikuwa amejibanza nyuma ya spika, ameshatuma voisi kwenye magrupu yote ya Mtwara mjini, na jana muuza samaki pale feri kaniuliza eti lita moja tunaitoa bei gani. Mie! Mtoto wa kidato cha tatu! Basi nimeazima simu ya dada, naandika.

(Nipa, kwa nyie mlio Dodoma na kwingineko, ndiyo gongo yetu ya mabibo. Ili uipate unatafuta kochoko, yaani mabibo yaliyoanikwa yakakauka, unaloweka mpaka yachachuke, unachemsha kwenye pipa, mvuke unaupitisha kwenye bomba. Sisi tulikuwa na ndoo na kitambaa cha kuchujia tui. Mhasibu analijua hilo vizuri, maana kitambaa chenyewe ni cha mama yake.)

Kampuni ina watu watatu. Mkurugenzi ni mimi, wazo lilikuwa langu. Mhasibu ni huyo mwenye voisi, kapewa cheo kwa kuwa hesabu za biashara darasani hamkuti mtu. Afisa Masoko kapata kazi kwa sababu hajui kunyamaza. Na wazo lilikuwa zuri, msinicheke bado. Msimu huu kila mtu macho kwenye mnada wa korosho: kilo imefika ngapi, chama cha msingi kimelipa au hakijalipa. Bibo lenyewe nani analitazama? Mtu ananyofoa korosho yake, bibo analitupa hapohapo chini ya mti. Leo limedondoka, kesho ni mali ya nzi. Malighafi ya bure jamani, hata kwenye kitabu cha Biashara hakuna mfano kama huo. Mjomba ana mikorosho yake njia ya Naliendele, akaturuhusu tuokote mpaka tuchoke, sharti korosho zote zibaki kwenye kapu lake. Na bado kila tukitoka alikuwa anatukagua mifuko, mtoto wa dada yake mwenyewe anadhaniwa kafungua kangomba, ile biashara ya korosho za magendo.

Tulikuwa tunaosha mabibo ili salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, itoke, tunakamua, tunachanganya na uji mwepesi wa mchele ili ule ukakasi unaokaba koo utuame chini, tunachuja, tunafunga kwenye vifuko na kugandisha kwenye friza ya jirani. Barafu ya bibo, mia mbili. Mapumziko ya saa nne watu walikuwa wanagombana. Hapo ndipo tungeishia tukiwa na heshima zetu.

Yakaja mahafali ya kidato cha nne. Afisa Masoko akasema barafu ni za watoto, wageni wanataka chupa. Tukakusanya chupa za soda, tukazichemshia maji, tukaandika lebo kwa mkono. Mhasibu akaongeza sukari. Sikilizeni hapa, kwa sababu kwenye voisi yake hii sehemu kairuka: MHASIBU AKAONGEZA SUKARI. Nyingi. Eti wazazi wa mjini wanapenda tamu. Tukafunga vifuniko kwa nguvu zote, Ijumaa jioni tukapeleka kwenye friza, na umeme ukakatika.

Haukurudi mpaka alfajiri, na Oktoba ya Mtwara mnaijua. Asubuhi tukakuta chupa zimenona. Vitako vimetoka nje, ukiisimamisha inalala. Nikawauliza wenzangu hii ni kawaida? Afisa Masoko akaibonyeza moja, ngumu kama jiwe, akasema, “Zimejaa vizuri.”

Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa watu, kanzu nyeupe ya kung'aa, koti jeusi, kofia ya mkono kichwani. Kanzu ile ilikuwa nyeupe kiasi kwamba wahudumu wa pilau walikuwa wanampitia kwa mbali. Mkuu wa shule akasoma hotuba, akafika kwetu, akasema hii ndiyo Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na vijana wanaohusika wapite mbele mgeni rasmi aizindue bidhaa yao. Makofi. Vigelegele. Nikageuka kuwatafuta wenzangu twende wote, Mhasibu ameshapotelea kwenye spika na Afisa Masoko, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kanyamaza.

Nikaenda peke yangu. Nikapiga goti kidogo, chupa kwa mikono miwili.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hii umetengeneza mwenyewe?”

Wadau, nilikuwa na wabia wawili. Nilikuwa na mjomba, na friza ya jirani, na kitambaa cha mama Mhasibu. Lakini makofi yalikuwa mengi na mpiga picha alikuwa ananitazama mimi. Nikasema, “Ndiyo babu, mwenyewe.”

Kumbukeni hilo neno.

Akashika kifuniko. Maikrofoni ilikuwa mezani, mbele ya mkono wake kabisa, kwa hiyo alipokizungusha robo tu, spika zote za uwanja zikasema ssssssssss. Fundi muziki akaruka kwenye mashine yake akidhani waya umeungua. Mzee akaacha kuzungusha. Akanitazama. Mimi nikatabasamu, kwa sababu kwenye semina ya ujasiriamali walituambia mteja akisita, tabasamu. Akazungusha tena.

Paa!

Kifuniko kiligonga turubai, kikarudi, kikatua kwenye keki ya wahitimu, katikati ya neno HONGERENI. Na watu wote, nakumbuka kabisa, walitazama kifuniko. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natazama povu. Lilipanda kwanza. Lilifika kwenye ndevu, likapumzika kidogo. Halafu likageuka kushuka. Likaingia kwenye kola ya kanzu, likapita kifungo cha kwanza, cha pili, likachepuka kwenye mfuko wa koti ilipo miwani, likarudi barabarani, likaendelea na safari. Mikono yangu ilikuwa bado imenyooka mbele vilevile, utadhani nasubiri chenji. Ningeweza kuichukua ile chupa. Nilikuwa na muda wa kuichukua, kuitupa, na kusoma risala.

Mzee wa watu akajitahidi kuokoa jahazi. Akaziba mdomo wa chupa kwa dole gumba. Kama umewahi kuchezea mpira wa maji unajua kinachofuata. Kilichokuwa kinabubujika kikawa kinarusha. Kushoto akapata mkuu wa shule, kwenye miwani yote miwili, aliyovaa na aliyoshika. Kulia akapata mwalimu wa nidhamu, mdomoni, kwa sababu alikuwa amefungua kinywa ili aniite.

Kisha ukimya. Kisha harufu.

Mikoa mingine pengine watu wangeulizana ni harufu ya nini. Ntwara hakuna anayeuliza. Wazee walishainua pua kabla povu halijafika chini. Kutoka safu ya nyuma, bibi mmoja aliyejitanda kanga akasimama kabisa, akapiga kofi la mshangao: “Heee! Uraka!” Yaani juisi ya bibo iliyochachuka ikawa pombe, bila kuchemshwa.

Turubai zima likaangua kicheko. Mhitimu mmoja alicheka mpaka joho likavuka. Na jirani wa mgeni rasmi, babu wa mwanafunzi fulani ambaye tangu asubuhi alikuwa anasinzia, akachovya kidole kwenye dimbwi lililokuwa mezani. Akaonja. Akafumba macho. Akatafakari. Maikrofoni, nawakumbusha, bado ilikuwa palepale. Akatoa hukumu yake na Mtwara nzima ikasikia:

“Bado haujaiva. Mngeuacha mpaka kesho.”

Hapo ndipo mtu, sijui nani, akarudisha kiti nyuma akapiga teke kreti zilizokuwa chini ya meza kuu. Tuliziweka huko kwa ajili ya kivuli. Mhasibu kwenye voisi anasema mgeni rasmi alianguka. Uongo. Aliruka, na kwa umri wake aliruka vizuri sana.

Mengine mnaweza kuyamalizia wenyewe. Mwalimu wa nidhamu. Barua. Mama kaja shuleni na unga wa vitumbua bado mikononi, akaniuliza swali moja tu, kwamba ulikuwa unafikiria nini, na sikuwa na jibu ambalo lingenisaidia. Mwalimu wa kemia ndiye pekee aliyekuwa na furaha. Jumatatu aliingia darasani, akaandika ubaoni sukari inageuka alkoholi na kaboni dayoksaidi, akasema mfano mnao, asihitaji maabara, na darasa zima likageuka kunitazama. Chupa zilizobaki zilimwagwa kwenye shimo la taka, mlinzi akiwa amesimama pembeni na uso wa msiba.

Kilichobaki ni kanzu. Doa la bibo kwenye nguo nyeupe, waulizeni mama zenu: likiwa bichi hulioni, likikauka linakuwa la kahawia na linakaa hapo mpaka nguo iwe dekio. Dobi kashindwa. Limau limeshindwa. Mzee mwenyewe, Mungu amzidishie, kasema yameisha, ila mke wake kasema hayajaisha.

Tukakaa kikao cha kampuni. Nikapendekeza kanzu tuilipe kwa usawa, theluthi theluthi. Mhasibu akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika deni lote kwenye jina langu. Nikamuuliza kwa kanuni gani. Akatoa simu, akanichezea video ya mpiga picha, ile sehemu nimepiga goti.

“Ndiyo babu, mwenyewe.”

Akaicheza mara mbili. Afisa Masoko akaunga mkono hoja.