Kipimo cha bakteria hakitoshi kwa dawa za nano

Dawa zinazobebwa na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu moja ya milioni ya milimita), tunazo tayari. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mwenye VVU aliyepata homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi apewe dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vya mafuta ambavyo upana wake haufiki nanomita 100. Utafiti uliozaa pendekezo hilo ulifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19 nazo zilisafirishwa mwilini ndani ya chembe za mafuta.

Sizipingi dawa hizi. Amfoterisini B ya kawaida huumiza mno figo, na kuifunga ndani ya liposomu kumepunguza madhara hayo. Ninachokidai ni kwamba kila kibeba dawa kipya kinachokuja kipimwe kwa njia inayokifaa kabla hatujaambiwa hakidhuru vinasaba.

Kipimo maarufu cha kuona kama kitu kinadhuru vinasaba ni cha mwanasayansi Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichoanza miaka ya 1970. Huchukuliwa bakteria wa salmonela wasioweza kujitengenezea histidini, kirutubisho wanachokihitaji ili waote, wakawekwa pamoja na kemikali inayochunguzwa. Wakianza kuota bila kupewa histidini, jeni zao zimebadilika. Ni kipimo cha bei nafuu, cha haraka, na kimetufaa sana kwa kemikali za kawaida. Lakini seli ya binadamu huweza kuimeza chembe nzima na kuiingiza ndani. Bakteria hawamezi hivyo, na wana ukuta mgumu. Chembe ikibaki nje, bakteria hawataota, na ripoti itaandikwa "salama". Hapo kilichopimwa ni ukuta wa bakteria tu! Wataalamu wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea linalotoa miongozo ya kupima kemikali, walishasema kipimo hiki hakifai kwa nano, lakini tafiti zinazokitegemea zimeendelea kuchapishwa.

Hata vipimo vya seli za binadamu vina mtego. Katika kile cha kuhesabu viini vidogo vinavyotokana na kromosomu zilizovunjika, mara nyingi hutumika dawa iitwayo sitokalasini B ili kiini kikigawanyika, seli yenyewe isikatike kuwa mbili. Dawa hiyohiyo huizuia seli kumeza. Ukiitia pamoja na chembe kwa wakati mmoja, umefunga mlango kisha unashangaa mgeni hakuingia. Chembe zitangulie, sitokalasini ifuate.

Wakati mwingine kosa huenda upande wa pili, chembe zilizobaki kwenye sampuli zikavunja vinasaba wakati wa kipimo chenyewe, kikaonyesha madhara ambayo hayakutokea ndani ya seli hai. Na kibeba dawa kinapopakiwa doksorubisini, dawa ya saratani ambayo yenyewe huharibu vinasaba, huwezi kujua nani mkosaji mpaka upime kibeba kitupu peke yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Thorotrast, majimaji yenye chembe za dioksidi ya thoriamu, yalidungwa kwa wagonjwa wengi kuanzia miaka ya 1930 ili mishipa ya damu ionekane kwenye eksirei. Mwili haukuweza kuzitoa chembe hizo. Zilikaa kwenye ini na wengu, na miongo kadhaa baadaye saratani za ini zikaanza kujitokeza. Kilichoharibu seli ni mionzi, ndiyo, lakini kilichoifanya mionzi ikae pale maisha yote ni chembe kutotoka. Kwa hiyo sitaziweka liposomu, ambazo mafuta yake mwili huyavunja, kapu moja na chembe za dhahabu au silika.

Mgonjwa mwenye saratani iliyosambaa anaweza kukubali hatari ambayo mjamzito au mtoto mwenye afya hapaswi kubebeshwa. Kwa hao wawili sioni sababu ya kulegeza lolote.

Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, zinapoletewa faili la dawa ya aina hii, naomba zidai vitu vitatu: ushahidi kwamba chembe ziliingia ndani ya seli zilizopimwa, matokeo ya kibeba kitupu, na maelezo ya chembe zinakaa wapi mwilini na kwa muda gani. Faili lisilo na ushahidi huo wa kwanza lirudishwe kwa aliyelileta, hata kama lina cheti safi cha kipimo cha Ames.